Ile kalamu ya kupimia maji haioni plastiki

Lalamiko ni lilelile, sura tu ndizo zinabadilika: "Mlitufungia filta ya kuzuia plastiki, tumechovya kalamu ya kupimia kwenye maji, namba haijashuka hata kidogo. Rudisheni hela." Wa mwisho alituita matapeli mbele za watu. Haya, tujibu.

Nilimkuta mama huyo mlangoni amenuna, kalamu mkononi. "Fundi, umeniibia." Nikamwomba glasi ya maji. Nikakwangua kifuniko cha chupa kwa kisu mpaka chengachenga zikajaa juu ya maji, tukapima: namba palepale. Nikatia punje chache za chumvi, nikakoroga. Namba ikaruka. Kalamu ile hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kinachoyafanya yapitishe ni chumvi na madini yaliyoyeyuka. Plastiki haiyeyuki. Maji yanaweza kuwa yamejaa plastiki na kalamu ikakuonyesha namba ya kupendeza.

Plastiki huzuiwa na tundu dogo kuliko chembe yenyewe. Mikroplastiki ni kipande chochote kisichofika milimita 5, ila vingi havionekani kwa macho. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita; unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Katriji, yaani kichujio cha kubadilishwa kinachokaa ndani ya kopo la filta, ya kwanza tunayofunga ni ya mikroni 5; hiyo inakamata mchanga na kutu ili ya nyuma yake isizibe mapema. Nyuma yake ndipo unakaa utando wa mikroni 0.1 au chini ya hapo, nao ndio unaobeba kazi. Utando huo unaacha chumvi ipite, ndiyo maana kalamu haina habari. Ipo mashine ya RO (reverse osmosis), inayosukuma maji kwa presha kwenye utando unaotoa hata chumvi, na hiyo ingeshusha namba, lakini inamwaga sehemu ya maji kila inapochuja. Kama maji yako hayana chumvi nyingi, ya nini? Tungekuuzia RO tungepata faida kubwa zaidi. Hatukufanya hivyo, halafu tunaitwa wezi.

Wapo wanaokasirika na kuhamia maji ya chupa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walitangaza mwaka 2024 kwamba katika chupa walizopima walikuta wastani wa chembe 240,000 za plastiki kwa lita moja, karibu asilimia 90 zikiwa ndogo kuliko mikroni 1. Nasi hatuuzi hofu: Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba ushahidi uliokuwapo hautoshi kutoa uamuzi kuhusu madhara kwa binadamu, likataka utafiti zaidi. Anayetaka kuchuja achuje, ila achuje kweli.

Na hapa ndipo tunapogombana na wateja, kwenye kubadilisha katriji. Ikifika wakati wake, mtu anaona bei, anasema ataiosha. Mzee mmoja aliisugua yake kwa brashi ya kufulia mwaka mzima, ikawa nyeupe kuliko mpya, akajisifu. Katriji zile nyingi ni nyuzi za polipropilini, yaani plastiki tupu. Ukisugua unazichana, nafasi zinapanuka, na vumbi la nyuzi linasafiri na maji. Utando uliofuata ulikuwa umeziba kabisa, na bei ya utando si ya katriji. Alilipa vyote viwili. Mwingine, presha iliposhuka, alitoa katriji akafunga kopo tupu. Maji yalitoka kwa kasi ya ajabu, alifurahi sana.

Kuna na aliyekataa bei yetu ya kutoboa tangi la plastiki ili kuunga filta, akampata fundi wa nusu bei. Miezi baadaye tukaitwa kwa sababu filta inaziba kila mara. Tulipofungua tangi, maganda ya plastiki yaliyotolewa na drili yalikuwa yametulia chini, yamejikunja kama mabaki ya penseli iliyochongwa, na ukuta wa ndani una mikwaruzo ya brashi ya waya. Sisi tukitoboa tunafuta, tunasuuza, tunamwaga maji ya kwanza, tunabadilisha oringi, ile pete ya mpira ya kuziba maungio, hata kama ya zamani inaonekana nzima, maana oringi iliyokaa vibaya inapitisha maji pembeni ya filta bila kuchujwa. Hiyo ndiyo nusu siku mnayoiona kwenye risiti.

Kabla ya kutupigia, angalia kopo la filta: tuliandika tarehe kwa wino. Tusomee hiyo. Namba ya kalamu hatuihitaji.