Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani: Wazazi Waelezwe Kabla ya Kutia Sahihi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mzazi, na pia mtu ambaye familia za Waswahili hapa Marekani humletea karatasi zao za Kiingereza awasomee. Siku hizi nyingi ni za jeshi. Kijana ana miaka 17, hajamaliza sekondari, na kwa umri huo hawezi kuandikishwa bila mzazi kuridhia kwa maandishi. Mzazi naye ana swali moja: ni kweli watamlipia chuo?

Nawajibu kwamba ni kweli. Tangu Rais Roosevelt alipotia sahihi GI Bill, sheria ya kuwalipia masomo waliotumikia jeshi, mwezi Juni 1944, mamilioni wamesoma kwa njia hiyo, na vijana wanaoichagua nawaheshimu kwa dhati. Sheria ya sasa, iliyoanza kutumika Agosti 2009, inampa aliyetimiza masharti yote miezi 36 ya masomo: ada yote ya chuo cha umma kwa mkazi wa jimbo, posho ya nyumba, na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa kiwandani, hiyo si neema ndogo.

Kinachoniuma ni yale ambayo mzazi hayasikii mpaka baadaye. Kijana anaambiwa atatumika miaka minne, naye anarudi nyumbani akijua minne tu. Wajibu wenyewe ni miaka minane. Akimaliza ile ya kazini, inayobaki anahesabiwa askari wa akiba na anaweza kuitwa tena. Tena kwenye mkataba wa kuandikishwa kuna kifungu ambacho kila nikikisoma, naombwa nirudie: kwamba sheria zinaweza kubadilika bila aliyeandikishwa kuarifiwa, na mabadiliko hayo yakagusa mshahara, posho na mafao yake, hata kama mkataba unasema vingine. Yaani kijana amefungwa, serikali haikufungwa. Mama mmoja aliniuliza, "Sasa hapa mwanangu anaahidiwa nini?" Nilimsomea tena kifungu kilekile, maana sikuwa na la kuongeza.

Wanaojiunga na National Guard, jeshi la akiba la majimbo, nao hudhani ni mpango uleule. Sivyo. Ili kulipiwa asilimia 100 chini ya sheria hiyo iliyoanza kutumika 2009, kwa kawaida inatakiwa miezi 36 ya utumishi wa muda wote, na mazoezi ya wikendi hayahesabiwi humo. Wana mpango wao mwingine, wenye malipo madogo zaidi.

Lakini linaloniumiza kuliko yote ni namna ya kutoka. Mafao haya ya chuo yanataka kijana aachishwe kwa daraja la heshima kamili. Chini yake kuna daraja la "general", ambalo mzazi akilisikia haoni ubaya wowote, kwa sababu mwanawe hakufungwa wala hakufukuzwa kwa aibu. Daraja hilo humruhusu kutibiwa katika hospitali za maveterani, ila mlango wa chuo kwa GI Bill unafungwa. Nimekaa na kijana aliyerudi na cheti cha namna hiyo baada ya kutumika karibu miaka mitatu. Alikuwa ameshaomba chuo na kukubaliwa. Baba yake aliinama akitazama neno moja lililochapwa kwenye kisanduku kidogo cha karatasi ile, akaniuliza kama halijakosewa.

Ninachoomba, Mheshimiwa, hakihitaji sheria mpya. Fomu ya ridhaa ya mzazi iambatane na ukurasa mmoja, kwa lugha anayoisoma mzazi, Kiswahili kikiwemo. Uandikwe wazi: miaka minane, asilimia ya malipo kulingana na muda uliotumika, tofauti ya National Guard, na daraja la kuachishwa linalohitajika. Ofisa anayemwandikisha kijana naye atie sahihi yake hapo kwamba ameyaeleza, na familia ipewe siku kadhaa za kukaa nao nyumbani kabla ya kurudisha.

Pia ukurasa huo useme jambo ambalo familia nyingi hazilijui kabisa: kijana aliyekwisha kula kiapo cha mwanzo, lakini bado anasubiri tarehe ya kwenda mafunzoni, anaweza kuomba kujitoa. Wapo wanaosubiri sasa hivi, na wazazi wao wanaamini hakuna tena la kufanya.

Wako kwa heshima,
Mzazi na msomaji wa barua za majirani