Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: ile X nyekundu kwenye daraja letu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salamu kutoka huku mashambani, upande wa Muheza. Ningefunga safari nije ofisini kwako, lakini magoti yangu na mabasi hayapatani tena. Na jambo lenyewe si langu peke yangu, ndiyo maana naliandika hadharani.

Wiki tatu zilizopita gari jeupe lilisimama kwenye daraja letu la chuma, lile la kuendea mashamba ya mkonge. Wakashuka vijana wawili. Mmoja akapiga picha, mwenzake akatoa kopo la rangi akachora X nyekundu kwenye boriti ya kushoto. Dakika kumi hazikufika. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, lakini hawa walizidi. Hawakuteremka hata kuchungulia chini, na daraja, Mheshimiwa, hukaguliwa kwa chini.

Sikulaumu wewe. Pengine habari hizi hujazipata. Ila X kwetu tunaijua maana yake, ni kubomolewa, na tayari wapo wanaopigia hesabu vyuma chakavu.

Mimi ni mstaafu wa gengi la reli, miaka 31. Nyundo yangu ya kugongea ribiti, zile pini nene zinazoshikanisha vyuma vya daraja, ninayo hadi leo. Ribiti iliyokaza ukiigonga hulia kama kengele ya shule, na kidole ulichokiweka upande wa pili wa kichwa chake hakisikii kitu. Iliyolegea hutoa sauti ya nazi iliyokauka maji, na kidole kinatekenywa. Mara nyingi hata kabla hujagonga utaona michirizi ya kutu imeshuka chini yake kama machozi.

Basi siku ya pili nikateremka mtoni, mjukuu ameshika tochi. Katikati ya daraja ribiti zinalia vizuri, nilishangaa mwenyewe. Taabu iko mwisho mmoja, upande wa sokoni. Pale nimehesabu ribiti tisa zilizolegea, na bamba la chini limelika hadi kidole gumba changu kinapita. Sababu yake iko juu. Tundu la kutolea maji limezibwa na udongo unaodondoka kwenye matrekta, kwa hiyo kila mvua ikinyesha maji yanatuama palepale. Udongo umekaa hadi mpera umeota. Nimeukuta na matunda mawili.

Wanaosema daraja limezeeka wautazame kwanza huo mpera. Chuma hakihesabu miaka, kinahesabu maji yaliyolala juu yake. Daraja la Maporomoko ya Victoria, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilifunguliwa mwaka 1905 na hadi leo linapitisha treni na magari, maana linakarabatiwa na uzito unaopita unadhibitiwa. Na reli yetu hii, iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi kabla ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, ililala miaka mingi, lakini mwaka 2019 treni zilirudi. Haikung'olewa yote ikajengwa mpya. Ilikarabatiwa.

Usinielewe vibaya. Mimi sililii chuma cha mkoloni. Waliokibeba wanajulikana, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kukibeba. Wala siombi uamini nyundo ya mzee. Nyundo haioni kila kitu. Mwaka 1967 huko Marekani, Silver Bridge iliyovuka mto Ohio iliporomoka na kuua watu 46. Ufa uliouanzisha msiba ule ulikuwa wa milimita chache tu, mahali ambapo jicho lisingefika bila kulifumua daraja. Lilikuwa halijafika hata miaka 40. Kwa hiyo anayesema tuliache kama lilivyo kwa kuwa limezoeleka, naye sikubaliani naye.

Ninachoomba ni kipimo kabla ya rangi. Aje mhandisi na kile kifaa cha kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, apime mabamba yamebaki milimita ngapi. Apeleke mtu mtoni aangalie misingi ya nguzo, kwa sababu mto ukichimbua chini ya nguzo, chuma kizima cha juu hakikusaidii kitu. Sote tuliona kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilivyoikata barabara ya Lindi kule Somanga. Maji hayaulizi daraja limejengwa lini. Kisha walipitishe lori lenye uzito unaojulikana, wapime linapinda kiasi gani na kama linarudi lilipokuwa. Majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili.

Halafu kuna swali ambalo wengi wanaliruka: daraja hili tunalitaka libebe nini? Kwa ninavyolijua lilikuwa la vitoroli vya mkonge. Leo sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori hadi tani 56 likiwa na ekseli za kutosha. Ukilitaka libebe lori la namna hiyo, hata mimi nitakwambia haliwezi, na kulipiga viraka ni kutupa fedha. Lakini wanaopita hapa kila siku ni watoto wa shule, bodaboda, akina mama na matenga ya machungwa, na trekta moja moja. Hao daraja likikarabatiwa linawatosha, ikiwa pembeni patajengwa jipya la magari mazito.

Mfano tunao njiani tukienda Dar. Daraja la zamani la Wami, la mwaka 1959, lilikuwa la njia moja, magari yakisubiriana. Halikuitosha tena barabara kuu, hilo halina ubishi. Wakajenga jipya pembeni, la zaidi ya mita 500, na tangu 2022 magari yanapita huko. Muda wote wa ujenzi watu waliendelea kuvuka kwenye la zamani. Sisi tukibomolewa kwanza, tutavukia wapi masika?

Kuna na jambo la sheria. Jirani yangu anadhani daraja likiwa la enzi za Mjerumani basi limelindwa. Halikulindwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863. Cha baada ya hapo mpaka Waziri akitangaze. Maana yake madaraja yote ya mkonge na ya reli katika mkoa huu yanaweza kuishia kwenye mizani ya vyuma chakavu bila mtu kuvunja sheria. Ofisi yako inaweza kuanza kuyaorodhesha, hata kama mwisho wake ni kuchagua mawili matatu.

La fedha nisilipite. Najua bajeti ni finyu. Lakini hata likijengwa la zege, matundu yake yatazibika vilevile. Maji yakizifikia nondo zinaota kutu, kutu inavimba kuliko chuma chenyewe, na zege linabanduka. Kijana wa kuzibua matundu kwa koleo, mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, hayumo kwenye makadirio yoyote niliyowahi kuonyeshwa. Awekwe, daraja liwe jipya au la zamani.

Sasa mto uko chini, maji hayapiti magoti. Vuli ikianza hatutaweza tena kufika kwenye nguzo. Mheshimiwa, mtume mhandisi wako kabla ya hapo, aje na viatu vya kuchafuka. Ule mpera sijaung'oa. Nataka aukute.

Wako,
Mstaafu wa gengi la reli, Muheza