Risala ya Kwaya kwa Mgeni Rasmi, Jubilei ya Miaka 25: Kumpokea Aliyetubu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Mkuu wa Jimbo,
Baba Mchungaji wa usharika, wainjilisti na wazee wa kanisa,
Kwaya zote mlioitikia mwaliko wetu,
Wazazi wetu, ndugu waumini na wageni waalikwa,

Bwana Yesu asifiwe!

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, Baba. Hali ya barabara yetu umeiona mwenyewe. Tumesikia gari limebaki kule darajani na wewe umepanda kilima kwa miguu pamoja na mama. Poleni sana, na karibuni.

Kwaya yetu ilianza mwaka 2000 ikiwa na waimbaji 14, ngoma moja na kayamba. Leo tuko 38. Mafanikio mengine yamechapwa nyuma ya ratiba mliyopewa mlangoni, hatutayasoma. Kamati ya jubilei imetuagiza tutumie muda huu kusema jambo moja ambalo kwaya hii ilijifunza kwa shida, nalo ni namna ya kumpokea mtu aliyekuja kutubu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwaka 2016 tulikuwa tunachanga fedha za kinanda. Tuliimba harusini, tulipeleka mikungu ya ndizi mnadani baada ya ibada, na akina mama wa sauti ya kwanza walikaanga maandazi Jumapili hadi Jumapili. Zikapatikana Sh 1,840,000. Fedha zilikaa kwenye simu ya mhazini wetu, kwa sababu tulimwamini na kwa sababu, tuseme kweli, hakuna aliyetaka usumbufu wa kushuka Moshi mjini kufungua akaunti. Siku ya kwenda dukani, mwezi Julai, hakupokea simu. Kesho yake tukajua: alikuwa anabeti. Mikeka yake, yaani tiketi za kubashiri mechi, ilichanika mmoja baada ya mwingine, na kila uliochanika alijaribu kuufidia kwa fedha zetu.

Wengi mnamjua. Jina lake halitasomwa hapa. Yupo, amesimama mstari wa nyuma upande wa besi, na yeye ndiye aliyesema habari hii isomwe. Jana usiku tulimpa risala aipitie kabla ya kuchapwa. Alisahihisha jambo moja tu: tulikuwa tumeandika Sh 1,860,000, akasema, "Hapana katibu, ni arobaini." Miaka tisa imepita na hesabu ile anaikumbuka kuliko sisi tuliomdai.

Alipotea mwaka mmoja na miezi minne. Alhamisi moja ya Novemba 2017, tukiwa mazoezini, akatokea. Hakuingia, alisimama kizingitini. Mkono wa kulia ameshika jani bichi la sale, mkono wa kushoto bahasha ya kaki yenye Sh 200,000. Akasema, "Nimekosa. Nimetubu. Nisameheni." Mwalimu wa kwaya akabaki na mkono hewani katikati ya wimbo.

Kwa wageni wetu mliotoka mbali: huku mlimani sale si jani la kawaida. Ndilo tunalopanda mipakani ili shamba la mtu lijulikane na la jirani yake lijulikane. Na Mchagga aliyemkosea mwenzake akimwendea na jani la sale, yule aliyekosewa hana nafasi ya kumfukuza. Babu zetu waliona kulikataa sale ni kujitafutia mkosi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walilikuta sale lina kazi hiyo tayari, na mpaka leo kuna wazee wa kanisa wanaosuluhisha ugomvi wa mashamba kwa Biblia mkono mmoja na sale mkono wa pili. Baadhi ya vijana wetu siku ile walinong'ona kwamba jani lisiingie kanisani, ni mambo ya mizimu. Mzee mmoja akalichukua bila kujibu kitu, akaliweka juu ya spika, mazoezi yakaendelea.

Tukamwambia tumemsamehe. Aliyetamka neno hilo ni mimi ninayesoma risala hii. Na mimi ndiye niliyeongeza neno lingine dogo: "ila". Ila akae nyuma kwanza. Ila sare asivae mpaka uongozi ukae. Ila kwenye safari asihesabiwe, maana viti vya basi ni vichache. Uongozi haukukaa. Kwa miezi saba alikuja kila Alhamisi na kila Jumapili, akaimba amevaa shati lake la nyumbani katikati ya sare zetu za bluu, kama mtu aliyepotea njia akaingia kwaya ya watu. Wakati wa chai akisogea, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua. Hatukumtukana hata mara moja. Tulikuwa na adabu sana.

Aliyetuvunja ni mama mmoja wa sauti ya pili, mkubwa kuliko sote, ambaye katika zile fedha alikuwa ameweka bei ya mbuzi wake. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kununa kuliko wengine. Juni 2018 alikwenda nyumbani kwa yule ndugu, akamwomba mkewe ile sare ya zamani, akaipeleka kwa fundi cherehani. Ndugu yetu alikuwa amekonda, sare ilikuwa inamwelea mabegani. Mama akaagiza ipunguzwe mabega na kiuno, akalipa mwenyewe. Jumapili asubuhi akamkabidhi ikiwa imepigwa pasi, pale pale kizingitini: "Vaa, tunachelewa." Kisha akatugeukia viongozi. "Mlipokea jani," alisema, "mtu mkamwacha mlangoni."

Mheshimiwa mgeni rasmi, tangu siku ile tumekuwa tukilitafakari neno hilo. Tumehubiriwa kusamehe tangu Shule ya Jumapili: saba mara sabini. Na kusamehe ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanya peke yake, chumbani kwake, hata kama aliyemkosea hayupo. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, mtoto wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, aliikimbia nchi yake mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Akiwa uhamishoni alisema hadharani kwamba amemsamehe Amin. Hakusubiri Amin aje kwanza kutubu. Hilo ni jambo kubwa, na wengi wetu hatujafika huko.

Lakini Bwana Yesu katika Luka 17 anaongelea hali nyingine: ndugu amekosa, ameonywa, naye anarudi kwako akisema, "Nimetubu." Huyo yuko mbele yako. Ana njaa, anataka kiti, anataka kujua kama Alhamisi ijayo aje au asije. Kumsamehe huyo moyoni na kumwacha kizingitini, sisi tulikuona kuwa ni utulivu wa Kikristo. Yule kaka mkubwa wa Luka 15 naye hakukosa adabu, alibaki tu nje. Ila sikilizeni anavyosema kwa baba yake: "huyu mwana wako". Hasemi ndugu yangu. Na baba anapomjibu anamrudishia neno lile lile alilolikwepa: "huyu ndugu yako".

Hata mtume Paulo alishindwa hapo kwa muda. Marko alimwacha yeye na Barnaba kule Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Barnaba alipotaka kumchukua tena, Paulo akakataa katakata, wakagombana mpaka wakaachana, Barnaba akatweka na Marko kwenda Kipro. Hatusomi kwamba Paulo alimchukia kijana yule. Hakumtaka kwenye safari tu, kama sisi na viti vyetu vya basi. Kisha miaka ikapita, Paulo akiwa kifungoni akamwandikia Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Mwalimu wetu wa kwaya husema kwamba katikati ya habari hizo mbili kuna kazi kubwa ya Barnaba ambayo haikuandikwa. Sisi Barnaba wetu alibeba sare kwa fundi.

Hatutaki kusikika kama tunaosema kila mlango ufunguliwe kwa kila mtu siku hiyo hiyo. Ndugu yetu hakurudishiwa uhazini na hakuuomba. Leo kwaya ina akaunti benki na watia saini watatu, na simu ya mtu hailali na fedha za kwaya hata usiku mmoja. Deni alililipa. Lipo kwenye daftari, kurasa nne: kuna miezi ameleta Sh 5,000, kuna msimu wa kahawa ameleta 60,000, kuna miezi ya mvua mistari iko mitupu. Mstari wa mwisho ni wa Oktoba 2024 na pembeni mama yule ameandika kwa kalamu nyekundu, "Imeisha." Zakayo aliahidi papo hapo kurudisha mara nne, lakini Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru, huyu wetu ana ng'ombe mmoja.

Tena tunalisema hili wazi mbele yako, Baba, kwa sababu tumeona linavyotumika vibaya. Mama anapigwa nyumbani, anaambiwa na wazee asamehe, nyumba isivunjike. Mtoto ameharibiwa, familia mbili zinakaa, zinakunywa mbege, zinaitana Wakristo, kesi inaisha. Hilo halikuwa toba, na yale si masale. Mahali pake ni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na aliyetubu kweli atakwenda huko kwa miguu yake. Anayeumia hapaswi kusukumwa kusamehe ili sisi tulale vizuri.

Baada ya hayo, tuna maombi mawili.

La kwanza linahusu kurudi kundini. Leo mtu aliyekuwa ametengwa anasimamishwa mbele Jumapili, anaulizwa maswali, anaombewa, watu wanapiga makofi, kisha sote tunatoka kwenda mnadani na yeye anakwenda nyumbani peke yake. Tunaomba jimbo liangalie uwezekano wa kila anayerudi kupewa familia moja ya mtaa wake itakayomkaribisha chakula Jumapili hiyo hiyo, na kumpitia ibadani Jumapili nne zinazofuata. Kwaya yetu iko tayari kuanza. Zamu ya kwanza ameiomba ndugu yetu wa besi.

La pili, Baba, ni kinanda. Kile kilichonunuliwa baadaye kwa mkopo kina funguo tatu zisizolia, na moja kati ya hizo ndiyo tunayoanzia nyimbo nyingi, ndiyo maana mtatusikia leo tukianza juu kidogo kuliko kawaida. Tumeshachanga Sh 2,150,000, zipo benki, taarifa ya akaunti imeambatanishwa na nakala yako. Pungufu ni Sh 650,000.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa kwako na katibu wa kwaya, kwa niaba ya waimbaji wote 38.