Kwa vijana wa maigizo wa Voi: maneno sita si haba

Vijana wangu,

Nimesikia mwenzenu mmoja hafiki mazoezini tangu wiki iliyopita, kwa kuwa amepewa maneno sita tu katika igizo zima. Nasikia pia wengine mmemwambia ana haki, kwamba asiye stelingi hana lake jukwaani. Limeniuma. Nipeni nafasi niwasimulie habari za Om Puri, mwigizaji wa filamu wa Kihindi.

Wengi wenu mmeshamwona bila kulijua jina lake. Katika filamu ya The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, ile ya simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, yeye ndiye Abdullah, msemaji wa vibarua wa Kihindi. Filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini, na mwindaji aliyechezwa na Michael Douglas ni wa kubuni tu. Mambo hayo yananikera mimi niliyezaliwa kando ya reli hii. Lakini mtazameni Abdullah anapomkabili mhandisi Mwingereza. Hainami wala habembelezi. Dakika alizopewa ni chache, na ndani yake nawaona wale watu waliolala kwenye mahema wakingoja kusikia nani ameburutwa usiku huo.

Alizaliwa Ambala, kaskazini mwa India, mwaka 1950. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli. Nyumbani hapakuwa na kitu, na tangu utotoni Om aliosha vikombe kwenye kibanda cha chai na kuokota makaa ya mawe relini. Uso wake ulibaki na makovu ya ndui. Alipoingia chuo cha taifa cha maigizo, Delhi, Kiingereza kilimpiga chenga, akajiona mdogo mbele ya wenzake. Hakuondoka. Baadaye akaenda kusomea filamu Pune.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1980 alicheza katika filamu ya Aakrosh kama mkulima fukara anayeshtakiwa kwa mauaji ya mke wake. Karibu filamu nzima hasemi kitu. Mnasikia? Maneno sita kwake yangekuwa mengi. Macho tu, na taya lililokaza, na mtazamaji unatamani umshike mabega umwambie sema, baba, sema.

Miaka miwili baadaye Waingereza wakamwita kwenye Gandhi, filamu ya maisha ya yule kiongozi wa India. Nafasi yake ni ya dakika chache mno: Mhindu aliyemuua mtoto wa Kiislamu kulipiza kisasi cha mwanawe aliyeuawa na Waislamu. Gandhi amelala kitandani, amefunga kula mpaka Wahindu na Waislamu waache kuuana. Puri anajipenyeza, anamrushia kipande cha mkate, anamlazimisha ale. Yeye jehanamu ameshaikubali, ila hataki kwenda huko akibeba kifo cha mzee huyu. Kisha Gandhi anamwambia amtafute yatima wa Kiislamu amlee, na amlee katika Uislamu. Angalieni uso ule unavyovunjika. Mimi nimeiona mara nyingi na bado koo hunikaba. Na jueni kwamba kipindi hichohicho kwao India alikuwa akibeba filamu nzima, hadi akapata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora mara mbili. Hakusema dakika chache ni za wadogo.

Ndiyo, alipata pia nafasi kubwa ugenini. Katika filamu ya East Is East ya 1999 ni Mpakistani mwenye duka la samaki na chipsi, Salford, Uingereza. Anampiga mkewe, anawatisha wanawe, na kila akikaribishwa chai anataka nusu kikombe. Ni ile nusu kikombe inayonimaliza. Hasira yako juu yake iko palepale, lakini unaona ni mtu, ana mazoea yake, ana upweke wake. Alifariki Mumbai mwezi Januari 2017.

Mwenzenu aliyegoma amepewa mlinzi wa usiku. Je, ameshajiuliza mlinzi huyo amekula nini jioni? Ameacha nani nyumbani? Viatu vyake vinambana? Mwandishi hakuandika hayo, amemwachia yeye.

Jumamosi baada ya alasiri njooni kwangu nyote. Nina ile filamu ya Gandhi, na nitaisimamisha pale mkate unaporushwa ili tuutazame ule uso pamoja. Mwambieni mwenzenu nimemwekea kiti cha mbele.

Babu yenu,
Voi