Propela imevunjika, kundi limenyamaza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 34, mzaliwa wa Morogoro, sasa nipo Phoenix, Arizona, nahudumia wazee. Jumatano moja usiku mtu alirusha kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya boti kubwa ya kulala, yenye vyumba, jiko na choo. Waliokuwa wameikodi wameghairi, bei imeshuka, twendeni! Tukaitikia sita. Kadi iliyokuwa na nafasi ni yangu, basi dhamana ikakatwa kwangu na mkataba nikasaini mimi. "Tutarudishiana." Ijumaa alfajiri tukaondoka, mwendo wa karibu saa tano hadi Ziwa Powell.

Shangazi, pale ni jangwa tupu, majabali mekundu, halafu maji katikati. Si ziwa la asili. Ni mto Colorado uliozibwa na ukuta wa Glen Canyon tangu 1963. Majabali yamechorwa utepe mweupe, juu sana ya vichwa vyetu, pale maji yalipofika zamani kabla ukame haujayashusha. Huo utepe ukumbuke.

Siku ya kwanza ilikuwa raha. Tulifukia nanga mchangani, tukapika pilau (ikashika ukoko, na ukoko ndio uliogombewa), tukalala juu ya paa.

Siku ya pili kaka mmoja akaomba usukani. Aliwahi kufika huko miaka ya nyuma, maji yakiwa juu. Nilimkumbusha kwamba tuliambiwa tufuate maboya. Akacheka: "Dada, njia hii naijua." Akakata kona kwa karibu. Tukasikia krrr, sahani zikamwagika kabatini, boti nzima ikaanza kutetemeka. Mwamba aliopita juu yake zamani sasa uko karibu na uso wa maji. Simu hazikushika mle kwenye makorongo, ikabidi tuombe msaada kwa redio, tukavutwa kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Propela, shafti na kuvutwa: dola 2,300. Dhamana imeliwa yote, kilichobaki kimekatwa kwenye kadi yangu. Nikaweka risiti kundini. Mmoja alituma dola 150 akasema yeye alikuwa amelala. Mwingine akaandika, "Aliyeshika usukani anajijua." Waliobaki, vikatuni vya pole tu. Kaka mwenyewe kimya kuhusu risiti, ila picha za machweo anazituma kila siku.

Sasa kinachoninyima usingizi. Kaka huyu na mkewe ndio walionipokea mwaka 2019. Nililala sebuleni kwao miezi mitano, sikudaiwa hata senti ya umeme. Mkewe ndiye aliyenifundisha kuendesha gari upande wa kulia. Safari hii hakuja, na sidhani kama ameambiwa kilichotokea. Nitamdaije mumewe? Lakini riba ya kadi inapanda, na mdogo wangu nyumbani anasubiri ada ya chuo.

Nigawe deni kwa sita, hata kwa waliokuwa wamelala? Nimfuate kaka peke yake? Au nilipe ninyamaze, nihesabu ni kodi ya ile sebule? Jumamosi wamenialika pilau kwao. Niende na risiti kwenye pochi, au nibebe soda tu?

Mwanao, Phoenix