Mitungi ya kuzimia moto iandikwe Kiswahili jamani

Ndugu mhariri, naomba kanafasi niongelee hii mitungi myekundu ya kuzimia moto iliyojaa kwenye fremu zetu huku Mwanjelwa. Soko letu liliungua 2006, la Sido nalo likaungua 2017, kwahiyo mtu wa Mbeya humwambii kitu kuhusu moto, na mitungi watu wamenunua kweli, wengine kwa kupenda wengine ili mkaguzi akipita aukute. Sasa usome ulivyoandikwa, Kiingereza kitupu.

Pull, aim, squeeze, sweep. Mama wa chipsi afanye nini na hayo, moshi umemjaa machoni? Si wangeandika tu chomoa pini, elekeza mdomo wa mpira chini kwenye shina la moto, bana hendeli, pitisha huku na huku, basi. Mtungi wa poda wa kilo 6 ukishaubana hata nusu dakika haumalizi umeisha, muda wa kutafuta mkalimani utautoa wapi?

Ila mimi zinazoniudhi zaidi ni zile herufi za kuonyesha mtungi unazima moto wa aina gani. A ni vitu vikavu, nguo, karatasi, mbao za Mafinga na maranda yake, hapo hamna ubishi. B ni petroli, dizeli, rangi. Ukifika C ndo balaa, kwa utaratibu wa Ulaya C ni gesi, kwa Wamarekani C ni umeme! Mafuta ya kupikia nayo Ulaya ni F, Marekani K. Na dukani ukiuliza unajibiwa "huo unazima kila kitu bosi". Hata wa maji? Mwaga maji kwenye karai la mafuta yanayowaka uone, yanageuka mvuke hapohapo na kuurusha moto mpaka darini (karai likiwaka zima jiko, funika na mfuniko, usilibebe kukimbia nalo nje kama wengi wanavyofanya). Kwenye umeme ndo usiseme, utarushwa wewe.

Dawa za kupulizia viazi tunauziwa zina maelezo ya Kiswahili, mkulima anasoma mwenyewe, mtungi wa moto umeshindikana nini? Waagizaji wabandike stika, waseme wazi huu ni wa mbao, huu wa mafuta, huu wa umeme, na namba ya zimamoto 114 iandikwe hapohapo kwa herufi kubwa, maana nayo ukiwauliza watu kumi sokoni sijui kama utampata wa kuitaja.

Mfanyabiashara, Mwanjelwa, Mbeya