Risala ya wafugaji wa nguruwe wa Ndanda kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku ya kufungua banda la karantini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, Afisa Mifugo, viongozi wa dini, ndugu wafugaji: itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama, nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli nyingi ukaja kwetu. Chakula cha wageni ni wali na kuku, kimepikwa mbali na mabanda, ili kila mmoja ale kwa amani ya moyo. Karibu sana.

Historia yetu ni fupi. Walianza akina mama wa kikundi cha kuweka akiba kwa hisa, kila mmoja na nguruwe wake nyuma ya nyumba, akimlisha pumba na, msimu wa korosho, mabibo. Leo kikundi kimesajiliwa, kina akaunti benki, na watoto wetu wamefika vyuoni kwa fedha ya nguruwe. Mheshimiwa, haya ni mapinduzi makubwa ya kiuchumi katika kata hii.

Banda unalolifungua tumelijenga kwa michango na nguvu zetu. Nguruwe yeyote anayeingia kutoka nje atakaa humo siku 21 kabla ya kuchanganywa na wengine, kwa sababu homa ya nguruwe ya Afrika huchukua siku 4 hadi 19 ndipo dalili zionekane. Mlangoni pana beseni la dawa. Hata wewe, Mheshimiwa, utaombwa kukanyaga humo.

Sasa tuingie kwenye hoja iliyotufanya tukuite.

Homa hii haimpati binadamu, lakini huweza kuua karibu kundi zima, na hapa kwetu haina chanjo wala tiba. Virusi vyake hukaa muda mrefu kwenye nyama mbichi, kwenye makombo, kwenye viatu na matairi. Huko porini wapo ngiri na kupe laini wanaovihifadhi. Kinachotumaliza zaidi ni kuchelewa kujua. Nguruwe mmoja anakataa chakula, masikio yanakuwa mekundu, kesho amekufa. Mwenye banda anasema ni sumu au joto. Wa pili akiugua, anaingiwa na hofu, anawauza waliobaki kwa wauza kitimoto, na bodaboda inaubeba ugonjwa hadi Nachingwea au Masasi mjini. Taarifa ikimfikia Afisa Mifugo, mabanda ya jirani yameshaguswa. Hatumlaumu Afisa wetu; kata ni kubwa na yeye ni mmoja.

Kupima damu ya kila nguruwe hatuwezi. Katika kundi kubwa lenye wagonjwa 5 kwa kila 100, ukitaka uhakika wa asilimia 95 wa kumpata walau mmoja, inabidi upime 59. Ndiyo maana wataalamu wa nchi nyingine hutumia kompyuta kuigiza mlipuko kabla haujatokea. Kila banda huingizwa kwenye programu: lina nguruwe wangapi, linaazima dume wapi, linauza kwa nani. Kisha ugonjwa unaanzishwa humo, katika banda hili au lile, mara maelfu, na kompyuta inaonyesha ungefika wapi na nani angeugundua kwanza. Hakuna nguruwe hata mmoja anayekufa katika majaribio hayo. Ndipo unapoweza kulinganisha: je, tutoe taarifa kwa kifo cha kwanza au tusubiri cha tatu? Afisa atembelee mabanda yote kwa zamu, au aanze na wenye madume ya kuazimisha? Huko Ulaya imeonekana kwamba kupima nguruwe wanaokufa hugundua homa hii mapema kuliko kuchukua damu ya walio wazima. Sisi tunataka kujua kwa Ndanda, yenye mabanda ya nguruwe wawili watatu, jibu ni lipi.

Mwaka 2001 Uingereza ilipopigwa na ugonjwa wa miguu na midomo, maigizo ya kompyuta ya namna hii ndiyo yaliyoongoza uamuzi wa kuchinja mifugo mingi, na ubishi wa uamuzi ule ulikuwa mkali. Kwa hiyo hatutaki kuletewa majibu yaliyopikwa kwa takwimu za nchi nyingine. Takwimu zetu tunazo. Fungua daftari lililo mezani, ukurasa wowote: "Jike jekundu limekwenda kwa dume la ng'ambo ya mto, limerudi jioni. Vitoto watatu wameuzwa Nachingwea, bodaboda. Mmoja amekufa usiku, amezikwa." Yameandikwa kwa mkono na akina mama hawa unaowaona, na mvua ya mwaka huu imeshalowanisha kurasa za nyuma.

Tunachoomba, Mheshimiwa, ni kompyuta mpakato moja yenye uwezo, mafunzo kwa vijana wetu wawili waliomaliza kidato cha sita, na barua yako ya kututambulisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ili tupate mtaalamu wa kutuongoza. Fedha ya programu hatuombi; zipo za bure, kama ile ya takwimu iitwayo R.

Kwa unyenyekevu tukukumbushe kwamba ombi hili si geni. Kiongozi mmoja alisimama hapo ulipo, akatuahidi kompyuta kabla ya msimu wa korosho, tukapiga vigelegele. Tukatengeneza meza yenye kufuli. Misimu imepita, na meza hiyo sasa inabeba madumu ya dawa. Aliyemfuata alisema suala liko kwenye mchakato. Tunaheshimu mchakato, lakini nguruwe waliokufa katikati yake hawakurudi, na baadhi ya akina mama wameacha kufuga kabisa.

Hivyo tunakusihi, Mheshimiwa, usituahidi leo lisilowezekana. Kama linawezekana, tutajie ofisi itakayolishughulikia na tarehe. Katibu wetu ameshika kalamu, ataandika kwenye muhtasari mbele yako. Kama haliwezekani, tuambie hapa hapa, tuanze kuchanga wenyewe kutoka mauzo ya Desemba.

Tunaomba kuwasilisha.

Wafugaji wa nguruwe, Ndanda, Masasi, Mtwara